Mwaka Tuliorukwa

Mimi kukaa mahali pamoja siwezi. Waulizeni walionipangisha Mbeya, waulizeni wa Iringa. Mume wangu alikwisha kunizoea, akiniona nafunga sufuria kwenye kanga, ananiuliza tu, "Safari hii wapi tena, Gaude?" Kwa hiyo siku niliyopigiwa simu kwamba Mama Oresta amefariki, sikuhangaika na mizigo. Begi lilikuwa tayari nyuma ya mlango, ndiko linakoishi. Nikapanda basi la Sumbawanga, na njia nzima nikawa nasimama na kukaa, nasimama na kukaa, mpaka kondakta akaniuliza, "Mama, kiti kina miiba?" Nikamjibu kinayo. Nilikuwa nakwenda kumzika mwanamke aliyewahi kuturuka kama dimbwi la maji, halafu akaja kutupigania mpaka sauti ikamkauka, na sikujua nimlilie kwa lipi kati ya hayo mawili.

Hilo la kurukwa lina maelezo yake. Kwetu Ufipa, ukiwa Mkatoliki, jumuiya ni zaidi ya sala. Ni nyumba chache za jirani, mnakutana kila Jumamosi asubuhi, na mnasali kwa zamu: leo kwa huyu, juma lijalo kwa anayemfuata, mpaka mtaa unazunguka. Zamu ikikufikia unafagia, unaazima mabenchi, unapika uji wa ulezi, na watu wanaingia kwako, hata yule ambaye hamsalimiani vizuri. Ukitaka kujua kama fulani bado yupo mtaani, sikiliza zamu inapopita. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita mwaka zamu ilipofika kwetu na kutupita juu kwa juu.

Jinsi tulivyopoteza nyumba sina la kuongeza. Mvua, ukuta wa tofali mbichi, basi. Ukuta uliangukia nje, hakuna aliyeumia, watu wakatuambia tumshukuru Mungu, nasi tukamshukuru tukiwa tumelowa. Baba akateremka bondeni, Kaoze, kwa mdogo wake, kulima mpunga ili apate cha kuanzia upya. Huku juu tukabaki mama, mimi, Kasto aliyenifuata, na Felista aliyekuwa bado anabebwa. Tulilala kwa huyu, tukalala kwa yule, na kila nyumba ilikuwa na siku yake ya kuanza kugongagonga vyombo jikoni kwa hasira bila mtu kusema neno, nasi tukaelewa. Mwisho Mzee Salumu, mwenye maduka kule Mazwi, ambaye alikuwa na mashine ya kusaga mtaani kwetu, Malangali, akamwambia mama, "Kaeni pale stoo, mwanangu. Mahindi mapya yakianza kuingia ndipo nitaihitaji." Alikuwa amesema vizuri, na kwa upole. Lakini tangu siku ile mimi mahindi shambani nikawa nayaangalia kama mtu anayeangalia adui akija taratibu. Wenzangu wa shule walifurahi yakibeba. Mimi nikiona ndevu za mahindi zinakauka, nahesabu siku zilizobaki.

Stoo ile naweza kuichora hata sasa. Ukuta mmoja ulikuwa wa bati tu, na nyuma ya bati hilo ndiko mashine ilikokuwa. Ikiwashwa asubuhi, sufuria zinatembea zenyewe sakafuni. Unga ulipenya kwenye matundu ya misumari na kutua juu ya kila kitu: blanketi, daftari, kope za Felista. Mama alitukung'uta kabla ya shule kama anayekung'uta mkeka, lakini wapi! Watoto walituita Wazungu wa mashine. Kasto alichekea jina hilo, akawa anajiita mwenyewe bwana mkubwa na kutembea amebetua kidevu. Mimi nilipigana kwa ajili yake mara kadhaa na nikapigwa zote. Chakula chetu kilikuwa unga wa kufagia. Unga uliomwagika chini tuliruhusiwa kuuzoa, mama anauchekecha, anauchekecha tena, halafu anauchanganya na ulezi kidogo. Nilidhani ni kwa ajili ya ladha. Siku moja nikamuuliza, akaniambia, "Kwenye ugali mweusi mchanga hauonekani." Tukala, ukakwaruza meno, hatukuuona.

Na bati halikuzuia maneno. Wenye foleni walikaa upande wa pili na madebe yao, wakazungumza kama watu wasio na wa kuwasikia. "Kwani wale wa stoo bado wapo?" "Wapo, wamehifadhiwa." "Afadhali." Wamehifadhiwa! Neno hilo nililisikia mpaka nikalichukia. Lilikuwa neno zuri, la huruma, na lilifunga mazungumzo papo hapo. Akishasema mtu kwamba tumehifadhiwa, wanahamia kwenye bei ya dagaa. Dismas, kijana aliyeendesha mashine, naye alikuwa mtu mwema, lakini akihitaji chujio au mkanda alisukuma mlango akaingia, mama akiwa anavaa, mama akiwa anaoga kwenye beseni. Hakuwa na ubaya. Nani anabisha hodi kwenye stoo? Mama alijifunika kanga haraka na kungoja atoke, na hakuwahi kumgombeza. Nilitamani amgombeze. Nilikuwa nimekaa na hasira mwaka mzima na sikuwa na pa kuiweka.

Zamu yetu ilipokaribia, jumuiya ilisali kwa Baba Vedasto, jirani yetu wa zamani. Baada yake tulikuwa sisi. Mwishoni Mama Oresta, mwenyekiti, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe toka mlima wa pili, akatangaza, "Juma lijalo tutasali kwa Mama Anyesi." Mama Anyesi alikuwa anatufuatia sisi. Hakuna aliyeshtuka. Watu walipoanza kutoka, mama akamsogelea.

"Mama Oresta, juma lijalo si kwangu?"

"Mama Gaude, tumekuonea huruma, mwenzangu. Utatukalisha wapi?"

"Kwani mmenitoa kwenye jumuiya?"

"Yarabi! Nani kasema? Wewe ni wetu. Ila zamu tumekuruka kidogo, mpaka mambo yako yakae sawa."

Nyumbani, yaani pale stoo, tulizungumza Kifipa siku zote. Kiswahili kilikuwa cha shule na sokoni. Jioni ile akiwa anakoroga ugali akasema, kwa Kiswahili, "Tumerukwa." Nadhani hakutaka neno lile aliseme kwa lugha ya kwetu. Nikamwambia kesho nitakwenda kwa Mama Oresta nimweleze maisha yetu yalivyo, mchanga kwenye ugali na Dismas na yote, maana mdomo wangu ulikuwa mwepesi tangu utoto. Mama akauelekeza mwiko kwangu. "Shida si hadithi, Gaudensia. Usiende kuwahadithia watu shida yangu."

Halafu mahindi yakaanza kukauka. Baba akatuma ujumbe kwamba Kasto ateremke Kaoze, kuna kazi ya kufukuza ndege kwenye mpunga na kwa baba mdogo kuna pa kulala. Felista alitakiwa na shangazi. Mimi nilikuwa nimeshatafutiwa nyumba ya kufanyia kazi za ndani Mbeya, na shule ingeishia hapo. Ndivyo familia inavyoisha, bila mtu kufa. Kila mmoja anapata pa kulala, na watu wanasema afadhali. Siku ya lori, mama alimvisha Kasto sweta lake mwenyewe, mikono imekunjwa, ingawa bondeni ni joto na kila mtu alijua ni joto. Kasto alikuwa na miaka kumi. Akiwa juu ya magunia akauliza, "Mbona mimi?" Mama akamwambia, "Kaa chini usianguke." Lori likaondoka, na baridi ya Ufipa, baridi ile ya upepo inayoingia mpaka kwenye masikio, ikatukuta tumesimama pale pale.

Baada ya hapo mama alibadilika. Yeye ambaye hakuwahi kumsumbua mtu, akawa anakwenda kwa Mama Oresta karibu kila siku. Anamkuta bustanini, "Shikamoo," maana Mama Oresta alikuwa mkubwa kwake, anaitikiwa, "Marahaba," halafu: "Zamu yangu." Anamkuta kisimani: "Zamu yangu." Mama Oresta akajaribu utani, akajaribu ukali, akajaribu kujificha nyumbani. Mwisho akapiga kelele mtaa mzima ukasikia, "Haya! Jumamosi kwako! Usije ukasema hatukukuonea huruma!"

Bahati mashine ilikuwa imeharibika na fundi alikuwa hajaonekana, kwa hiyo tuliweza kusafisha. Tulifagia, tukamwaga maji, tukafagia tena. Madebe yakageuzwa kuwa viti. Mama akapika uji wa ulezi, mwingi kuliko uwezo wetu, na kwenye sanduku letu akatandika kanga yake ya harusi iwe altare. Mlango akaufunga. Sijui kama mnanielewa: stoo ile haikuwa inafungwa mchana. Akaufunga, akatukalisha mimi na Felista, na yeye akakaa, mikono magotini. Tukasikia viatu nje. Tukasikia wakinong'ona, nadhani hawakujua kama mahali kama pale mtu anasukuma tu. Kisha Mama Oresta, kwa sauti yake yote, akasema, "Hodi!"

Mama hakuitikia. Nikamtazama. Alikuwa amefumba macho.

"Hodi humu ndani!"

"Karibuni," mama akasema. "Karibuni nyumbani." Na mimi nikajua kwamba ile ya kwanza alikuwa ameisikia. Alitaka kuisikia mara mbili.

Wakaingia wakiwa wameinama, wakasali wakiwa wamebanana, magoti kwa magoti. Somo la siku ile watu huniuliza, wakitaka liwe na maana kubwa. Silikumbuki hata kidogo. Nilikuwa nahesabu nyuso. Mwishoni Mama Oresta akauliza, kama desturi, "Kuna mwenye neno?" Nikasimama. Mama akanivuta sketi, nami nikabaki nimesimama, na hapo hapo ulimi ukaniganda. Yote niliyokuwa nayapanga miezi yote ile, yalipotea. Kikatoka kile nilichokuwa namwambia Felista akikataa kulala: "Hadithi, hadithi!"

Na wao, watu wazima, wamekaa juu ya madebe, wakaitikia bila kufikiri, "Hadithi njoo! Uongo njoo, utamu kolea!" Halafu wakaangua kicheko, kwa sababu wapi umeona hadithi kwenye jumuiya?

"Uongo leo ubaki nje," nikasema. "Palikuwa na mama mmoja. Ukuta wake ulianguka. Majirani zake wakamhifadhi." Nikaendelea. Nikawaambia kuhusu ugali mweusi. Nikawaambia kuhusu mlango usiobishwa hodi, na watu wa upande wa pili wa bati wanaosema afadhali. Kicheko kilikwisha mapema sana. Nilipofika kwenye zamu iliyomruka yule mama, Mama Oresta akanyanyuka, uso umemvimba. "Jamani, huyu mtoto anatusema! Tumekuja kusali, anatusema!" Baba Vedasto akatazama chini. Nikamtazama mama, nikitegemea kofi. Mama akasema, "Mwacheni amalize." Nikaendelea. "Halafu siku moja likaja lori..."

Sikumaliza. Nyuma ya bati kitu kikakohoa, kikakohoa tena, na mashine ikawaka. Fundi alikuwa amefika na hakuna aliyemwambia kuna watu stoo. Alikuwa ameitengeneza kimya kimya, na huko nje wenye madebe wakashangilia kama harusi. Bati likaanza kutetemeka. Madebe tuliyokalia yakatetemeka, na waliokuwa juu yake pia. Unga wa wiki nzima uliokuwa umelala kwenye paa na kwenye mianya ukashuka wote kwa pamoja, juu ya vitenge vya Jumamosi, juu ya koti la Baba Vedasto, ndani ya vikombe vya uji. Hakuna aliyemsikia mwenzake. Mama Anyesi alikuwa anapiga kelele na sauti haitoki. Wakafumba macho, wakafunika pua, wakatafuta mlango kwa kupapasa, wakatoka nje mmoja mmoja, weupe kuanzia kichwani hadi viatuni. Na watoto wa mtaa, waliokuwa wametuita sisi majina mwaka mzima, wakawaona wazee wao wakitoka stoo hivyo, wakakosa hata la kusema.

Mama Anyesi akaanza kujikung'uta. Mama Oresta akamshika mkono. Machozi yalikuwa yamechora mistari miwili kwenye unga mashavuni mwake. Mpaka leo sijui kama yalikuwa ya unga. "Hakuna kujikung'uta," akasema. "Asijikung'ute mtu. Twendeni hivi hivi."

Tukaenda hivi hivi mpaka ofisi ya mtaa, msafara mweupe, baiskeli zikisimama kutupisha. Mimi nilibaki nje na Felista mgongoni, chini ya dirisha. Nikamsikia mwenyekiti wa mtaa akisema kwa utaratibu wake, "Lakini, mama zangu, hii familia si imehifadhiwa?" Na Mama Oresta: "Imehifadhiwa kama mahindi, mwenyekiti! Tuangalie! Tumehifadhiwa kidogo tu asubuhi hii, tuangalie tulivyo!" Pakawa na zogo, dirisha likafungwa, na sauti ya mama, ambayo ilikuwa ndogo, sikuisikia tena.

Baba Vedasto alikuwa na boma pembeni mwa kiwanja chake, kuta bila paa, alilokuwa amelianza na kuliacha. Akalitoa. Mtaa ukapangiwa zamu ya tofali na nyasi na maji, Mzee Salumu akatoa mlango, tena mlango wa mbao wenye kitasa. Magunia ya kwanza yalipoingia stoo, sisi tulikuwa tumehama. Felista hakwenda kwa shangazi, mimi sikwenda Mbeya, na jumuiya yetu haikuruka zamu ya mtu tena. Waliwahi kusali kwenye kibanda cha muuza mkaa ambaye mkewe na watoto walilala humo humo, na mwenyekiti wa mtaa alialikwa, akakalishwa juu ya gunia. Kazi niliyoifanya maisha yangu yote, ya kuzungumza kwenye vikao vya halmashauri kwa ajili ya familia zisizo na pa kuishi, sikufundishwa chuoni. Nikiona wakubwa wanaanza kuniambia fulani amehifadhiwa, nawaambia tusibishane, twendeni kwanza tukampigie hodi. Wananichukia kidogo, kisha wanakuja.

Lakini Kasto hakurudi. Baba alisema aache amalize mpunga. Mpunga ulipokwisha, shule ya kule ilikuwa imeshamwandikisha. Mwaka uliofuata alikuwa na rafiki na mbwa. Akawa mtu wa Kaoze, akaoa Kaoze, ana mashamba Kaoze. Alipanda kutuona kila Krismasi, na kila Krismasi alisimama nje ya mlango ule wa Mzee Salumu na kuita, "Hodi!" Mama alijibu toka ndani, "Mwenye nyumba hapigi hodi, Kasto." Kasto alicheka, akafuta miguu, akaingia akakaa kwenye kiti cha mlangoni kama mgeni, akasifu chakula. Mwaka unaofuata, hodi tena. Mimi jambo hilo lilinikera hata nikaacha kwenda Krismasi.

Tulimzika Mama Oresta mchana wa jua kali na upepo. Baadaye tukakaa chini ya turubai, tukala wali na kabichi, na mtu mmoja akasema, "Gaude, tupe ile ya unga, marehemu aliipenda." Nikawapa. Naijua kuisimulia, najua wapi watu hushika mbavu. Walishika mbavu. Kasto alikuwa amekaa na wanaume, mvi tupu, anachekea sahani yake. Nilipomaliza, mama, ambaye siku hizi macho yake yanaona vivuli tu na hazungumzi msibani, akasema kwa Kifipa, "Umeruka."

"Nimeruka nini, mama?"

"Mle ofisini. Wewe hukuwemo." Akaendelea akiwa ameelekeza uso kwenye turubai, si kwa mtu. "Mwenyekiti aliniuliza, mama, unataka nini, kiwanja au bati? Nikamwambia, nataka mtoto wangu niliyempandisha kwenye lori. Akasema hilo si la mtaa. Nikamwambia sina lingine. Ndipo huyu tuliyemlaza leo akagonga meza, akasema, basi mpeni nyumba, mtoto awe na pa kurudi." Akapapasa kikombe chake cha chai. "Nyumba ile niliiombea Kasto. Ninyi wengine mliingia tu."

Watu walicheka kidogo kwa hilo la mwisho. Kasto hakucheka. Aliweka sahani chini, akainuka, akatoka upande wa barabarani. Shida si hadithi, aliniambia mama, na alikuwa ameikalia hii yake kimya tangu nina miaka kumi na sita. Nilimkasirikia. Nilimwonea huruma. Nikamshika mkono nikamrudisha nyumbani, nikampa kiti chake, na kwa kuwa sikuweza kutulia nikaanza kufunga begi langu, basi la asubuhi, nikitoka sebuleni na kurudi, mama akiniambia nitamaliza sakafu.

Kukawa na hatua nje. Kitasa kikashuka, mlango ukafunguka, mtu akaingia moja kwa moja mpaka katikati ya sebule, akasimama.

"Nani huyo anaingia bila hodi?" mama akafoka.

"Ni mimi."

Mikono ya mama ilianza kutembea juu ya kanga, ikainyoosha, ikainyoosha tena. Mimi begi likanitoka mkononi, nikakaa.

"Vua viatu," akasema mama. "Nimefagia."